Soma Kalamu Kabla ya Kuisugua

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunaoishi Dallas, Fort Worth na Houston tunashika vitu vya watu wengine kila siku. Tunahamisha nyumba, tunasafisha, tunahudumia wazee, tunanunua samani za mtumba za kujazia kontena la Mombasa au Dar es Salaam, na wapo wenzetu waliojitosa katika minada ya stoo za kukodi. Ndani ya droo za madawati hayo, kwenye makopo ya biskuti na masanduku ya vyerehani, hutokea kalamu za wino za miaka ya 1930, 1940 na 1950. Ikishatokea kalamu, maneno hufuata. Mmoja atakwambia umeokota gari, mwingine atakwambia tupa.

Stoo hizi zina historia ndefu Texas; mojawapo ya zile za mwanzo kabisa ilifunguliwa mjini Odessa miaka ya 1960. Lakini uvumi ulikolezwa na televisheni. Mwaka 2011 kituo cha A&E kilianza kuonyesha Storage Wars: Texas, kipindi kilichopigwa hapa hapa Dallas na Fort Worth, na tangu hapo watu wengi wanaamini kwamba nyuma ya kila mlango wa bati kuna hazina inayongoja mkono wenye bahati. Msimamo wangu nautaja mapema. Kalamu nyingi zinazotoka stoo hazina bei kubwa, chache zina bei nzuri, na hizo chache mara nyingi huharibiwa na aliyeziokota kabla mnunuzi hajazitia machoni. Sasa tuyapitie madai yenyewe.

Linaloongoza ni hili: “Kitu cha zamani ni mali, na kadiri kinavyozeeka ndivyo bei inavyopanda.”

Hapana. Kabla bolpeni hazijatapakaa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kalamu ya wino ilikuwa chombo cha kazi cha kila karani, mwalimu, wakala wa bima na mwanafunzi wa Marekani, na viwanda vilizitoa kwa mamilioni. Esterbrook wa Camden, New Jersey, walitengeneza kalamu yao ya J kwa ajili ya mtu wa kipato cha kawaida: mwili wa plastiki yenye mawimbi ya rangi, wenzo ubavuni wa kunyonyea wino, na nibu ya chuma unayoweza kuifungua kwa vidole ukafunga nyingine. Ni kalamu nzuri, naipenda, na bado ni rahisi. Iliyokarabatiwa huuzwa kwa kawaida kati ya dola 30 na 60. Ambayo haijaguswa ni chini ya hapo. Hapa pana kichekesho kidogo: nibu ya Esterbrook yenye namba inayoanza na 9 huweza kutafutwa zaidi kuliko kalamu iliyoibeba, kwa sababu nibu za mfululizo huo zilitiwa madini magumu nchani, ilhali zile za kawaida ni chuma kilichokunjwa tu. Wearever nazo zimejaa kila soko la mitumba. Ukipata dola 10 kwa moja, shukuru.

Inayowapumbaza wengi ni Parker 51. Ilitoka mwaka 1941 kwa dola 12.50, fedha nyingi kwa wakati ule, mwili wake ukiwa wa akriliki na nibu ya dhahabu imefichwa chini ya kofia, inachungulia ncha tu. Ilipendwa ikatengenezwa kwa miaka 30, na kwa hiyo leo ipo kila mahali. Ya rangi nyeusi au ya kijivu, iliyotumika lakini nzima, haipiti sana dola 100 ikiwa imeshahudumiwa na fundi. Halafu ipo ndugu yake, Parker 21 ya mwaka 1948, inayofanana nayo mpaka mtu akadanganyika: nibu yake si ya dhahabu, plastiki yake hupasuka, na bei yake ni ya chakula cha mchana. Namna ya kuzitenganisha imeandikwa kwenye kalamu zenyewe, kwa herufi ndogo kuzunguka kifuniko karibu na ukingo.

Ndiyo maana swali la umri halikufikishi mbali. Uliza nani aliitengeneza, ni toleo gani, inanyonya wino kwa njia gani, na ina kasoro ipi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: chukua kioo cha kukuzia, washa taa pembeni ili mwanga upite kwa ubavu, ugeuze kalamu polepole. Jina huwa kwenye mwili, kwenye nibu, kwenye klipu au kwenye ukingo wa kifuniko. Njia ya kunyonya wino hukuambia mengi zaidi ya rangi. Wenzo mdogo wa chuma ubavuni ni mtindo uliotangazwa na Walter Sheaffer wa Fort Madison, Iowa, aliyepata hataza mwaka 1908, kisha ukaigwa na karibu kila kampuni. Ukifungua kifuniko kidogo cha mkiani ukakuta kitufe cha kubonyeza, huenda umeshika Parker Duofold, ile iliyotoka 1921 kwa rangi ya chungwa iliyokoza na kuuzwa dola 7 wakati wengine wakiuza nafuu zaidi. Ukikuta pampu mkiani na mwili wa mistari myembamba unaopitisha mwanga, ni Parker Vacumatic, ya 1933 na kuendelea. Hiyo hata tarehe yake imechapwa mwilini, tarakimu ya mwaka ikiwa na nukta za robo ya mwaka. Na ukizungusha mkia ukaona mrija mwembamba unatokeza chini ya nibu kama mkonga, hiyo ni Sheaffer Snorkel, ya 1952 hadi 1959. Nukta nyeupe kwenye kifuniko cha Sheaffer, iliyoanza 1924, ilikuwa alama ya daraja la juu lenye dhamana ya maisha.

Zipo za fedha nyingi kweli. Parker Snake ya mwanzoni mwa karne ya 20, yenye nyoka wa fedha au dhahabu aliyejizungusha mwilini, hufikia makumi ya maelfu ya dola. Namiki za Japani za miaka ya 1930, zilizochorwa kwa mkono kwa laka na unga wa dhahabu, zimo kwenye kundi hilo. Karibu yetu zaidi, iko Parker 75 ya mwaka 1965 iliyofuliwa kwa fedha iliyoopolewa kutoka meli za Hispania zilizozama pwani ya Florida mwaka 1715. Zilitengenezwa 4,821 tu. Hiyo inaweza kabisa kuwa ndani ya droo ya daktari mstaafu wa Plano au wakili wa River Oaks. Lakini mwokotaji ataiona nyeusi, imefifia, haina mng'aro, aipite achukue ile ya plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu.

Hapo tunaingia dai la pili, la dhahabu. “Nibu imeandikwa 14K, ing'oe uipeleke kwa sonara.”

Tupige hesabu. Dhahabu ya karati 14 ina asilimia 58.5 tu ya dhahabu safi. Nibu ya kalamu ya kawaida ina uzito wa sehemu ndogo ya gramu. Chukua theluthi ya gramu. Basi dhahabu safi iliyomo haifiki gramu 0.2. Tuseme gramu moja ya dhahabu ni dola 100, ili hesabu iwe nyepesi: umeshika kitu cha dola 20, na mnunuzi wa dhahabu wa barabarani hatakulipa zote. Wakati huohuo fundi wa kalamu angeweza kukulipa zaidi ya hiyo kwa nibu nzima kama kipuri, na kalamu ikiwa kamili ingekuwa na bei mara kadhaa. Kung'oa nibu ni kuuza mlango ili upate bawaba.

Maandishi ya kifunikoni nayo husomwa vibaya. Ukiona “1/10 12K Gold Filled”, maana yake ni kwamba sehemu moja ya kumi ya uzito wa metali ile ni dhahabu ya karati 12, nayo karati 12 ni nusu dhahabu. Jumla ni asilimia tano, imebandikwa juu ya shaba. “Warranted 14K” bila jina la kampuni ni nibu iliyonunuliwa kwa jumla na watengenezaji wadogo. Ni dhahabu ya kweli, ila haikwambii ukoo wa kalamu. Na namba 4810 kwenye nibu ya Montblanc si kipimo cha dhahabu wala namba ya siri. Ni urefu wa mlima Mont Blanc kwa mita. Watu wameniapia kwamba ni bei.

Lakini dai linaloharibu zaidi kuliko yote lina sehemu mbili zinazoshikana mikono: “Haiandiki, imekufa,” na “Basi isafishe kwanza ing'ae, itauzika.”

Kalamu ya wenzo iliyolala miaka 50 haitarajiwi kuandika. Ndani yake kuna kifuko cha mpira kinachoshika wino, na mpira huo hukauka ukawa mgumu kama ganda la yai au ukayeyuka ukawa lami. Kila mnunuzi mwenye akili analijua hilo na amekwisha kulipiga hesabu. Kubadilisha kifuko ni kazi ya kawaida kwa fundi. Parker 51 za kuanzia 1948 zina kifuko cha plastiki angavu, na zipo ambazo ukizisuuza kwa maji baridi huandika siku hiyohiyo. Kinachoshusha bei ni kitu kingine kabisa: ufa mwembamba kwenye ukingo wa kifuniko, ncha ya nibu iliyolika au kukatika, klipu iliyovunjika, vipande vilivyochanganywa kutoka kalamu mbili, herufi za mwilini zilizofutika, rangi iliyobadilika. Ufa ule wa kifuniko hauonekani kwa jicho la haraka. Pitisha ukucha taratibu kuzunguka ukingo, ukucha utakwama.

Sasa tazama mtu anavyofanya akiipata. Kwanza anavuta wenzo ili aone kama unafanya kazi. Kifuko kigumu kinagoma, wenzo unakatika au unang'oka na kupasua mwili. Halafu anailoweka kwenye maji ya moto yenye sabuni usiku kucha. Kalamu nyeusi za kabla ya miaka ya 1930 nyingi ni za eboniti, yaani mpira mgumu uliopikwa na salfa. Zikilowa, hasa kama mwanga ulikwisha kuzila, hutoka zikiwa na rangi ya kahawia kama chai ya maziwa, na kuirudisha ile nyeusi ya asili haiwezekani kwa njia rahisi. Za kaseini, ambazo Waingereza wa Conway Stewart walizitumia katika baadhi ya matoleo, huvimba na kupasuka majini kwa sababu malighafi yake ni maziwa. Akitoka hapo anachukua spiriti ya kusafishia vidonda. Spiriti hula seluloidi na hutia nyufa katika akriliki. Ikibaki nzima, anaisugua kwa dawa ya meno, na hapo ndipo herufi zilizochapwa kwa kina cha unywele, zile zile ambazo zingemwambia kila mtu ni kalamu gani, zinakwenda na maji. Imeng'aa, na sehemu kubwa ya bei imeondoka.

Wengine huipasha moto kwa kikausha nywele ili wafungue sehemu ya nibu, kwa kuwa wameona fundi akifanya hivyo. Fundi anajua ni joto kiasi gani, na anajua ipi ni seluloidi. Seluloidi ni jamii ya filamu za zamani za sinema. Ikishika moto hungoji kuuliza.

Hali ya hewa ya huku nayo si ya kuchezea. Dari ya nyumba ya Texas mwezi Agosti hupita nyuzi 50 za Selsiasi, na stoo ya bati isiyo na kiyoyozi haiko mbali na hapo. Katika joto hilo seluloidi hupinda na gundi ya shelaki inayoshika kifuko hulegea. Houston huongeza unyevu: wenzo na bamba la ndani hushika kutu, nibu za chuma za Esterbrook hutoboka. Kalamu zilizopita kwenye mafuriko ya kimbunga Harvey, Agosti 2017, huwa zinajulikana kwa matope yaliyokauka kwenye mifereji ya chini ya nibu. Kwa hiyo ukiambiwa “imehifadhiwa vizuri, imekaa darini tangu babu afariki,” hayo ni maneno mawili yanayopingana.

Unachoruhusiwa kufanya ni kidogo: kitambaa laini kikavu, vumbi la juu, basi. Fedha iliyokuwa nyeusi iache nyeusi.

Dai la nne linatoka kwenye simu. “Nimeona kama hii hii inauzwa dola 900.”

Umeona inaombewa dola 900. Yeyote anaweza kuandika bei aitakayo juu ya kitu chake, na vitu vya namna hiyo hukaa mtandaoni miaka bila kununuliwa, vikisubiri mtu asiyejua. Kwenye eBay kuna kichujio cha vitu vilivyokwisha kuuzwa. Kibonyeze, na orodha itabadilika sura. Linganisha na zile zilizofanana na yako kwa toleo, rangi, ukubwa, nibu na hali. Iliyotoka kwa fundi ikiwa na dhamana haifanani na yako iliyotoka kwenye kopo. Rangi peke yake inaweza kubadili hesabu: Parker 51 ya rangi adimu huzidi nyeusi mara kadhaa, na nibu pana au inayopinda kwa ulaini huvuta wanunuzi wanaoipita nyembamba ya kawaida. Kisha toa ada ya mtandao, toa posta, toa bima ya mzigo.

Papo hapo huzaliwa lalamiko la jirani yake: muuza kalamu aliyetoa nusu ya bei ya mtandaoni ni mwizi. Si mwizi. Atanunua kifuko, ataketi saa kadhaa, ataihifadhi mpaka mteja atokee, na ataipokea tena ikivuja. Ukitaka bei kamili ya mwisho, fanya kazi hiyo wewe mwenyewe. Mwizi ni yule anayekwambia haina kitu huku hataki kuiachia mkononi.

Juu ya majina kuna madai mengi, nayo yote yanatoka kwenye tumaini moja, kwamba kalamu ilishikwa na mtu mkubwa. Jina la mwenye kalamu lililochorwa mwilini kwa kawaida hupunguza bei, kwa sababu mnunuzi wa leo hataki kutembea na jina la mhasibu wa Waco wa mwaka 1947. Hubadilika tu kama mtu huyo alijulikana na una karatasi za kuthibitisha: barua, picha, risiti, maandishi ya familia. Texas inachochea tamaa hii kwa sababu ina watu wa kutosha wa kuvumishiwa. Jenerali Dwight Eisenhower alizaliwa Denison, kaskazini mwa Dallas, na Mei 1945 huko Reims, Ujerumani iliposalimu amri, alipigwa picha ameshika kalamu za Parker 51 katika umbo la V. Rais Lyndon Johnson, mtoto wa nchi hii ya Texas, alitumia kalamu zaidi ya 70 kutia saini Sheria ya Haki za Kiraia tarehe 2 Julai 1964, akazigawa kwa waliohudhuria, na zilikuwa za Esterbrook, kampuni ile ile ya watu wa kawaida. Kwa hiyo ndiyo, kalamu ya aina hiyo inaweza kutokea. Lakini Esterbrook tupu bila hati ni Esterbrook tupu, hata ukiapa msikitini.

Nembo ya kampuni ni jambo jingine. Kalamu iliyotolewa kama zawadi kazini, yenye alama ya Humble Oil ya Houston au farasi mwenye mbawa wa Magnolia Petroleum ya Dallas, huweza kuvuta mkusanyaji asiyejali kalamu kabisa. Yeye anakusanya kumbukumbu za makampuni ya mafuta, na huenda akakupa zaidi ya mpenzi wa kalamu.

Houston ina uvumi wake wa peke yake: kalamu za angani. Anayeishi karibu na Clear Lake, penye kituo cha NASA, lazima atakuwa amesikia kwamba kalamu fulani ilikwenda mwezini. Kalamu maarufu ya safari za Apollo ni ya Fisher, bolpeni yenye wino ulioshinikizwa kwa gesi, si kalamu ya nibu. Paul Fisher aliitengeneza kwa fedha za kampuni yake, ikaruka na Apollo 7 mwaka 1968, na imeuzwa madukani kwa umma tangu enzi hizo mpaka leo. Ile unayoikuta kwenye droo ni ya dukani. Kinachochekesha ni kwamba kabla ya hapo, mwaka 1965, NASA iliagiza penseli 34 za kubonyeza kutoka kampuni ya Tycam ya hapa hapa Houston kwa dola 128.89 kila moja, bei ikazua kelele nchi nzima. Mtu akikuletea moja ya penseli hizo pamoja na hati zake, nipigie simu hata usiku.

Limebaki dai linalotugusa sisi zaidi. “Parker ni Parker, hii ya marehemu baba ilitoka nyumbani, kwa hiyo ni adimu Marekani.”

Wengi wetu tuna kalamu ya mzee: alikuwa karani wa bandari, mwalimu, hakimu, na alikuwa na chupa ya wino wa Quink mezani. Ukiikagua mara nyingi utakuta imeandikwa Made in England, yaani ilitoka kiwanda cha Parker cha Newhaven, kusini mwa Uingereza. Ubora wake ni ule ule na wapo wanaozipendelea, ila kuvuka bahari hakukuifanya adimu. Parker 45, iliyotoka 1960 ikitumia katriji, ndiyo ninayoiona mara kwa mara katika familia zetu, na ni kalamu ya bei ya chini kila mahali. Tena kuna Hero za Shanghai, zilizoandikia madaftari mengi ya Afrika Mashariki. Hero 616 iliiga umbo la Parker 51 waziwazi, nibu iliyofunikwa, klipu na yote, na nimeona watu wazima wakigombana juu yake. Hero si feki, ina jina lake lililoandikwa; ni kalamu ya bei rahisi iliyofanya kazi ya heshima. Feki za kweli ni Montblanc. Nyingi zinazotoka kwenye droo za watu waliosafiri Asia ni za bandia, na namba iliyochapwa kwenye pete ya klipu haitoshi kuthibitisha, maana nayo huigwa. Tazama nibu kwa kioo: michoro ya kweli ni mikali na safi, ya bandia ina kingo zilizofifia.

Kalamu ya mzee usiiuze kwa dola 25. Ipeleke kwa fundi, iandikie.

Kuhusu pa kwenda, naomba niwe mkali kidogo. Duka la rehani si mahali pa kupimia kalamu. Wanapima dhahabu, na tumekwisha kuona dhahabu yenyewe ni kiasi gani. Nyumba kubwa za mnada, kama Heritage ya Dallas, haziwezi kushughulika na kitu cha dola 60. Hizo zingojee ukiokota nyoka wa fedha. Kwenye masoko makubwa kama First Monday kule Canton utauza haraka na kwa bei ya jumla. Kuna maonyesho ya kalamu ya Dallas yanayofanyika kila mwaka, ambako wauzaji, mafundi na wakusanyaji hukaa ukumbi mmoja, nawe unaweza kuzunguka meza tano ukauliza watu watano kuhusu kalamu ile ile kabla hujaamua. Wa Houston wana Dromgoole's, duka la tangu miaka ya 1960, na pia wana klabu ya wapenzi wa kalamu. Na chama cha Pen Collectors of America kimehifadhi katalogi na matangazo ya zamani, ambamo utaikuta kalamu yako na bei iliyouzwa siku ya kwanza. Kuuliza si ujinga, na watu wa kalamu hupenda mno kuulizwa.

Kwa wenzangu wanaohudumia wazee majumbani nina neno la ziada. Mzee akikupa kalamu kwa upendo, mwombe mwanawe aandike mistari miwili yenye tarehe na saini, na angalia kanuni za wakala wako kabla ya kuipokea. Kalamu ya dola 40 isikukoseshe kazi wala jina.

Ukiokota leo, fanya hivi. Iondoe kwenye gari na darini, iweke ndani ya nyumba yenye ubaridi, mbali na jua. Piga picha kwa mwanga wa dirisha: kalamu nzima ikiwa imefungwa, kisha imefunguliwa, nibu kwa karibu pande zote mbili, kila maandishi, ukingo wa kifuniko. Pima urefu kwa milimita. Tunza kisanduku na karatasi zake, hata kama zimechakaa, na usitenganishe kalamu na penseli iliyokuja nayo. Tuma picha hizo kwa watu wawili au watatu wasiojuana. Na anayekutaka uamue papo hapo, kwa fedha taslimu aliyokwisha kuishika mkononi, mwambie utarudi kesho.